Cherehani, gitaa na kitufe chekundu

Wimbo wangu mzuri kuliko wote ulizama kwenye ndoo ya maji. Simu ilikuwa mfuko wa mbele wa shati, nikainama kuchota, ikatumbukia. Ndani yake mlikuwa na sauti mia na kitu nilizojitumia mwenyewe kwa WhatsApp, kila moja na visekunde vyake, hakuna hata moja yenye jina. Ikaanikwa juani siku mbili, ikazikwa kwenye mchele siku tatu (mke wangu aliuhurumia mchele wake kuliko simu yangu), haikuamka. Nilichobaki nacho ni mstari mmoja wa maneno, na kukumbuka kwamba ulianzia kwenye zile noti za gitaa ziitwazo A maina.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona kanzu na sare za skuli kwenye chumba cha chini hapa Kikwajuni, mjini Unguja, na gitaa langu limetundikwa msumarini baina ya vitambaa. Ni la nyuzi za nailoni, nililinunua kwa mpigaji mmoja wa hoteli za Nungwi alipokuwa anarudi kwao bara. Hewa ya chumvi haina huruma nalo. Zile nyuzi tatu nene zilizoviringwa waya hupoteza rangi kabla hata sijazizoea, na nyingine lazima mtu aniletee kwa boti kutoka Dar.

Wimbo haunijii nikiwa nimekaa na gitaa. Hunijia nikiwa katikati ya mshono mrefu, ule wa ubavuni mwa kanzu, mguu unakanyaga, sindano inakwenda kwa mwendo mmoja, na akili haina kazi. Kinywa kinaanza kuimba peke yake. Nikisema nimalize mshono kwanza, nikiinua kichwa hakuna kitu. Kwa hiyo kwa miaka nilikuwa nashika simu kwa mkono mmoja na kitambaa kwa mwingine, nabonyeza kile kimaiki cha WhatsApp, namumunya, natuma, naendelea. Mpaka siku ya ndoo.

Najua wapo watakaocheka. Bi Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarab, na wenzake walivuka bahari mpaka Bombay mwaka 1928 ili sauti zao zitiwe kwenye santuri, na mimi nalalamika na kompyuta imo chumbani. Lakini wao walikwenda na nyimbo zilizokwisha kuiva. Zangu bado mbichi, na mbichi ndiyo huoza upesi.

Mpwa wangu ndiye mtu wa kompyuta katika ukoo. Alikuja Ijumaa moja baada ya sala, amevaa kanzu niliyomshonea mwenyewe, na flashi mfukoni.

"Shikamoo mjomba. Nimekuletea studio nzima humu."

"Marahaba. Studio nitaiweka wapi, juu ya meza ya kukatia?"

Ile flashi ilikuwa na programu sita za kurekodi muziki. Kompyuta yangu nimeinunua imetumika, Darajani, na betri yake imeshakufa. Inaishi kwa waya wa ukutani tu. Nikajiwekea kipimo kimoja: tangu nivute kiti mpaka sauti ianze kuingia, nabonyeza mara ngapi? Mpwa alitaka kunieleza habari ya ubora wa sauti. Nikamwambia ubora baadaye, kwanza nione nani anafungua mlango haraka.

Reaper ndiyo aliyoisifu zaidi, na sifa zake ni za kweli. Iliandikwa na Justin Frankel, yule yule wa Winamp, programu ya kusikilizia muziki, na kwa sisi tuliokuwa tukishinda kwenye intaneti kafe za mjini, Winamp ni kama mtu wa nyumbani. Ni nyepesi, faili la kuisakinisha halifiki MB 30. Unapewa siku 60 za kuijaribu, na leseni ya mtu mmoja ni dola 60. Siku zikiisha haikufungii mlango, inakukumbusha tu kwamba hujalipa, kisha inakuachia wewe na dhamira yako. Nikaifungua. Niongeze traki, yaani safu ya kuandikia sauti. Nibonyeze kidoa chekundu cha kuitayarisha. Nichague sauti iingilie wapi. Ndiyo sasa nibonyeze kurekodi. Mpwa akasema hayo yote unayapanga mara moja, unayahifadhi kama kiolezo, na kila ukiifungua unayakuta tayari. Kweli akanifanyia. Lakini kioo kile kina vitufe vingi kama vitobo vya kofia ya mkono, na mimi nikiona kitobo lazima nichungulie. Usiku tatu mfululizo nilikaa natia mwangwi kwenye kipande cha sekunde ishirini. Nikakitia mwangwi wa ukumbi, nikakitia mwangwi wa pango, na mwisho wa siku ya tatu kilikuwa bado sekunde ishirini. Ubeti wa pili haukuandikwa. Siilaumu hiyo programu. Kosa ni langu, lakini najijua.

BandLab nilijaribu kwenye simu mpya. Ni ya bure, ya kampuni ya Singapore, na kama una mwenzio mnayetunga naye kutoka mbali sioni ya kuishinda, maana kazi inahifadhiwa mtandaoni na kila mmoja anaongeza lake. Mimi sina mwenzangu, na bando langu la wiki huisha Jumatano. GarageBand tuliipita. Nzuri sana, kila mtu anasema, lakini ni ya vifaa vya Apple peke yake.

Tukafika kwenye Audacity. Mpwa alitaka kuiruka. Akasema, "Mjomba, hii ya kukatia sauti, si ya kutengenezea nyimbo." Ni ya zamani kweli. Ilizaliwa chuo cha Carnegie Mellon kule Marekani, ikatolewa kwa watu mwaka 2000, na mpaka leo haina bei. Ikafunguka. Nikauliza kurekodi vipi. Akasema, "Bonyeza R." Nikabonyeza. Mstari ukaanza kukimbia na mawimbi yake.

Herufi moja tu.

Alivyosema mpwa ni kweli kwa upande wake. Ukitaka ngoma za kutengenezwa na kompyuta, au kukata wimbo vipande vipande na kuvipangua mpaka upate umbo, Audacity itakuchosha na Reaper itakufaa. Mimi sikutaka kutengeneza. Nilitaka kuushika mkia usikimbie, nikipata nafasi usiku nirudi kuuangalia una kichwa au hauna.

Basi hivi ndivyo ninavyofanya sasa. Mchana simu, usiku kompyuta.

Simu kwanza, maana hapo niliwahi kujidanganya muda mrefu kwamba maiki ya simu ni mbovu. Si mbovu. Tatizo ni kwamba simu imefundishwa kusikiliza watu wakizungumza. Ukinyamaza inapandisha sauti, ukipaza inaishusha, na mvumo wowote unaoendelea bila kubadilika inauhesabu ni kelele kama ya feni, inaufuta. Sasa uzi wa gitaa ukishaupiga, unafanya nini? Unavuma. Ndiyo maana kwenye zile sauti za WhatsApp kila nilipoacha kodi ilie (kodi za gitaa, noti kadhaa kwa mpigo mmoja, si hizi za mapato) ilikuwa inamezwa, halafu pumzi yangu inasikika kubwa kama pampu ya baskeli. Na WhatsApp inabana sauti iwe ndogo ipite upesi mtandaoni, jambo ambalo kwa mtu anayesema "nakuja" linatosha kabisa. Nikatafuta programu ya kurekodi ya simu yenye sehemu ya kuzima hayo marekebisho na inayoandika faili la WAV, lile lisilobana sauti. Ziko nyingi za bure. Nikaiweka alama yake peke yake kwenye ukurasa wa mbele, pasiwe na kitu kingine cha kuvutia kidole.

Usiku ni baada ya Isha. Kabla ya hapo mtaa una watu, bodaboda zinapita mlangoni, na wakati wa adhana gitaa haliguswi. Nafunga mlango, nazima feni, navua shati. Na hapa ndipo nilipopata zawadi ambayo sikuilipia. Rafiki yangu mmoja mpigaji, mwenye maiki ya kisasa na kile kisanduku cha USB cha kuingizia sauti, anarekodi chumbani kwake Mji Mkongwe. Kuta nene za mawe, sakafu ya saruji, dari juu kabisa. Ukipiga makofi mle yanakurudia. Alikuja kwangu, akasikiliza nilichorekodi kwa maiki ya bei ya chini ya USB, akaniuliza nimetumia programu gani kuondoa mwangwi. Sikuondoa. Chumba changu kina majora ya vitambaa ukuta hadi ukuta, pamba, poliesta, na marobota ya kijani na ya buluu ya sare. Sauti ikienda haina pa kugonga irudi. Yeye sasa anatundika blanketi mbili nyuma ya kiti chake, na kila akija anaangalia marobota yangu kwa jicho la husuda.

Maiki siiweki mbele ya tundu la gitaa. Nilikuwa naiweka hapo, maana mtu anaona sauti si inatokea tunduni? Inatokea nzito, inavuma kama pipa. Nikaisogeza pale shingo inapokutana na mwili, jirani na freti ya 12 (vile vichuma vilivyokingama shingoni), umbali wa shubiri moja na nusu hivi, ikitazama shingo. Vidole vikaanza kusikika kimoja kimoja.

Sasa kuna jambo lililonipotezea wiki mbili, na ndilo hasa lililonifanya niandike, kwa sababu hakuna aliyenieleza kwa lugha ninayoielewa. Nilirekodi gitaa. Vizuri. Nikataka kuongeza sauti yangu juu yake kwenye traki ya pili, na katika Audacity hiyo ni Shift na R. Nikavaa iyafoni, nikaimba nikifuata gitaa, nikahakikisha sijachelewa hata kidogo. Nikisikiliza zote mbili pamoja, naimba nyuma. Si sana, kiasi cha mtu anayekimbilia daladala na kuikosa mlango. Nikarudia mara kumi. Mke wangu akasema labda umri.

Mpwa akaniletea habari za ASIO, njia ya kuipitisha sauti upesi kwenye kompyuta, na ukubwa wa bafa, pale sauti inapongojea. Akasema kompyuta inapokea sauti kwa mafungu, na fungu la sampuli (vipimo vidogo vidogo vya sauti) 1,024 kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde ni kama milisekunde 23 za kungoja. Nikapiga hesabu yangu. Sauti hewani inakwenda kama sentimita 34 kwa milisekunde moja, kwa hiyo 23 ni kama kupiga na mtu aliyekaa mita 8 kutoka kwako. Nimeshapiga arusini na mpiga ngoma aliyekaa mbali kuliko hapo, tukaelewana. Tena gitaa langu si la umeme. Nalisikia kwa masikio yangu humu chumbani, sihitaji kompyuta inirudishie. Kungoja kule kunamtesa anayepitisha gitaa la umeme ndani ya programu na kujisikia kupitia iyafoni. Langu lilikuwa tatizo jingine: kompyuta inachukua muda kutoa sauti ya traki ya kwanza na kupokea ya pili, na isipofidia muda huo sawasawa, ya pili inaandikwa mahali sipo.

Dawa imo ndani ya mipangilio ya Audacity yenyewe, kijisehemu cha fidia ya ucheleweshaji. Inakuja na namba hasi 130, yaani kila unachoongeza inakiwahisha milisekunde 130. Hiyo ni kadirio tu la kompyuta za watu wote. Ya kwangu haikuwa hiyo. Nikaitengenezea traki ya midundo, tik tik tik, programu inayo tayari. Nikachukua iyafoni moja, nikaibandika juu ya maiki kwa utepe wa kushonea, nikarekodi traki ya pili: yaani kompyuta inajisikiliza yenyewe. Kisha nikakuza picha mpaka nikaona mdundo wa juu na wa chini kama sindano mbili. Ya chini ilikuwa bado imechelewa milisekunde 62. Nikajumlisha na 130, nikaandika hasi 192. Nikarudia kupima, sindano zikakaa moja juu ya nyingine. Ni kazi ile ile ya kulinganisha pindo za mikono miwili ya kanzu, ukikosea nusu sentimita mvaaji hajui kuna nini lakini hajipendi.

Mke wangu nikamwita asikilize. Akasema, "Kumbe si umri."

Mengine madogo. Unaporekodi kwa maiki moja, chagua mono, yaani njia moja ya sauti badala ya mbili za stereo. Stereo ya maiki moja ni kupiga chapa shati lile lile mara mbili. Na Audacity kwa desturi yake inaandika kwa biti 32, karibu MB 10 kwa dakika ya mono. Kwa wimbo wa kuuza sawa, kwa kumumunya kwangu nimeishusha 16, ikawa MB 5. Sijasikia tofauti, na diski yangu imeshukuru.

Umeme ulikuwa hofu yangu kubwa. Nyinyi wa Unguja hamhitaji kuelezwa. Sisi tuliokaa miezi mitatu gizani, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, tunajua cherehani ya miguu ina heshima yake, na yangu sijaiuza mpaka leo ijapokuwa ya umeme ninayo. Kompyuta isiyo na betri umeme ukikatika haiagi. Usiku mmoja nilikuwa kama dakika ya nne ya kitu kizuri, pap. Nikakaa gizani na gitaa mapajani, nikatukana (Mungu anisamehe), nikalala. Asubuhi nimewasha, nimefungua Audacity, ikaniuliza kama nataka irejeshe kazi ambayo haikuhifadhiwa. Nikasema nataka. Ilikuwa karibu yote, mpaka kukaribia lile giza. Pale pale mjadala wangu na mpwa ukaisha. Ananiambia Reaper nayo inaandika moja kwa moja kwenye diski, isingepoteza. Huenda. Lakini hii ndiyo iliyokuwapo siku ya tukio.

Kilichobaki ni majina. Mia na kitu bila majina ndiyo yaliyonifikisha kwenye msiba wa ndoo, maana hata simu ingepona nisingeupata ule wimbo bila kusikiliza sauti zote tangu mwanzo. Nilijaribu kuandika tarehe, tarehe hazinikumbushi kitu. Nilijaribu "wimbo mpya 1", "wimbo mpya 2", nikafika 30 nikajiona mjinga. Siku moja nikagundua kwamba kila wimbo naukumbuka kwa nguo niliyokuwa naishona ulipokuja. Vidole vinakumbuka kitambaa. Basi faili zangu ukizifungua utadhani ni daftari la wateja: sare-kijani-sketi-E-maina. Kanzu-ya-bwana-arusi-mwendo-wa-pole. Mfuko-uliochanika-G. Kila Ijumaa asubuhi nazihamisha kutoka simu kwenda kompyuta, na kutoka kompyuta kwenda flashi inayokaa ndani ya kopo la vifungo, mbali na ndoo.

Wiki iliyopita nilikuwa napitia faili moja ya mwezi uliopita, kanzu-ya-mzee-wa-Malindi-A-maina. Cherehani inasikika chini yake tangu mwanzo, tak-tak-tak, na nilipojaribu kuifuta kwa kile kichujio cha kelele gitaa nalo likakonda, likabaki kama linalia ndani ya kopo. Nikarudisha. Mguu wangu ndio uliokuwa ukishika mwendo, ukiuondoa wimbo unayumba. Sekunde ya 40 mlango unafunguka, na mzee mwenyewe anasikika wazi kabisa, maana maiki ya simu kazi yake ni kusikiliza watu:

"Fundi, yangu vipi?"

Na mimi, bila kusimamisha mguu: "Kesho, inshaallah."

Nilitaka kuikata ile sehemu, nikaiacha humo humo. Kanzu nayo imetundikwa pale msumarini chini ya gitaa, bado inasubiri darizi ya shingo.